Siku ya tatu tulimpa jembe: yanayosemwa kuhusu wakimbizi wetu na yaliyo kweli

Jioni moja nilikaa kwa fundi cherehani wangu, Mbagala, nikisubiri suruali ikunjwe pindo. Mzee mmoja kwenye benchi alisoma kwenye simu habari ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kisha akatoa hukumu: "Hawa wamekuja kula tu." Benchi zima likaitikia. Fundi hakuinua kichwa. Mguu wake ulisita juu ya pedali, cherehani ikanyamaza kidogo, halafu ikaendelea. Pale dukani mimi pekee ndiye niliyejua kwamba fundi amezaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi, na kwamba wazazi wake waliingia nchini 1972 wakikimbia mauaji Burundi. Amenikubalia niyaandike haya, jina lake nilihifadhi.

"Wamekuja kula tu"

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na zamani serikali ilifanya hivyo hasa. Waliokimbia Burundi 1972 walipelekwa Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, ambako sasa ni Katavi. Lilikuwa pori la miombo lenye mbung'o. Kaya ilipewa kama hekta 5, jembe, mbegu, na chakula cha kuivusha hadi mavuno. Hadi kufika 1985, makazi hayo yalikuwa yanajilisha kiasi kwamba Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliyakabidhi kwa serikali. Mahindi, maharage na tumbaku za watu hao ziliingia kwenye masoko yetu.

Fundi anakumbuka baba yake akiamka usiku kuchochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Alinionyesha viganja vyake, akaniambia utotoni vilikuwa vyeusi msimu mzima kwa gundi ya yale majani, sabuni haiitoi. Hao ndio tunaoambiwa walikuja kula.

Wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu 1996, na wa Nduta kule Kibondo, wamekuta utaratibu mwingine. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa, na kutoka ni kwa kibali. Hana shamba la maana, hana ruhusa ya kwenda kutafuta kibarua, anasubiri mgao. Jembe tumelichukua sisi wenyewe. Mimi hili linaniuma, kwa sababu tulishaona kwa macho kuwa njia ya kwanza inawezekana.

"Yote yalianza na Rwanda 1994"

Mwaka ule haukuwa na mfano, ni kweli. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Lakini nenda Tengeru, karibu na Arusha, ukaangalie makaburi ya Wapolandi. Maelfu yao walihifadhiwa huko wakati wa Vita Kuu ya Pili, chini ya Waingereza, baada ya safari iliyopitia Urusi na Iran. Naam, Wazungu nao wamekuwa wakimbizi kwenye ardhi hii.

Baadaye wakaja Watutsi wa Rwanda, kisha Wamsumbiji waliovuka Ruvuma kukimbia vita vya Mreno. Hapa hapa Dar es Salaam ndipo FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilipoundwa, Juni 1962, na ndipo kiongozi wake Eduardo Mondlane alipouawa kwa bomu la kifurushi Februari 3, 1969. Kumpa mtu hifadhi kulikuwa na hatari yake, nasi tuliikubali. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaosaidia wakimbizi, kwa kazi hiyo.

"Mlango wetu haujawahi kufungwa"

Umewahi. Machi 1995 tulifunga mpaka na Burundi, na Desemba 1996 Wanyarwanda waliambiwa wawe wameondoka kabla ya mwaka kwisha. Ukarimu wetu ni wa kweli, na hayo nayo ni ya kweli.

"Sisi ni watu wa amani, hayatuhusu"

Baada ya watu kuuawa Pemba Januari 2001, wenzetu zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Walikuwa Watanzania, na jina lao kule lilikuwa wakimbizi.

"Mkimbizi ni mkimbizi tu, hata akae vipi"

Mwaka 2010 serikali iliwakubalia uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba, watu wapatao 162,000 wa ule mkumbo wa 1972. Vyeti vilichelewa, vikaanza kutolewa mwishoni mwa 2014. Tangu hapo kumwita mmoja wao mkimbizi, eti kwa kuwa mama yake anasema "kurara" badala ya "kulala", ni kumnyima kitu alichokwisha kupewa kisheria.

Benchi lilipobaki tupu, fundi alivuta droo ya cherehani, chini ya vifungo na chaki, akatoa cheti chake kwenye mfuko wa nailoni. Kimekunjwa mara mbili, mikunjo imeanza kuchanika, ameibandika kwa selotepu. Binti yake anafuatilia kitambulisho cha taifa, na Jumatatu wanakwenda nacho.