"Pass the buck" haina hongo ndani yake

Mwanafunzi wangu wa ufasiri, hapa Mombasa, aliniletea sentensi ya Kiingereza iliyosema mawaziri "are passing the buck". Yeye kaandika: mawaziri wanapitishiana dola. Nilicheka, kisha nikaona kosa lenyewe lina akili. "Buck" mtaani ni dola kweli, na kwetu pesa ikipita chini ya meza kila mtu anajua hiyo ni chai ya nani.

Ila msemo huu ulizaliwa juu ya meza, ya poka, huko Marekani katika karne ya 19. Kugawa karata kulikwenda kwa zamu, na ili watu wasibishane, kitu fulani kiliwekwa mbele ya mwenye zamu. Husimuliwa kuwa mara nyingi kilikuwa kisu chenye mpini wa pembe ya kulungu. Hicho ndicho "buck". Asiyetaka kugawa alikisukuma kwa jirani. Kilichopita ni wajibu, si pesa.

(Wacheza karata wetu barazani hawahitaji kisu, mgawaji akijisahau atazomewa. Na sisi pia tuna neno lililotoroka mchezoni: turufu, tuliyoachiwa na Wareno pamoja na kopa, uru na shupaza, siku hizi iko midomoni mwa wanasiasa.)

Kamusi nyingine zitakupa "kusukumiana lawama". Siipendi. Lawama huja mambo yakishaharibika, ilhali "buck" hupita hata kabla kazi haijaanza. Unapeleka fomu dirisha la tatu, unaambiwa nenda la saba. La saba wanakurudisha la tatu. Hakuna aliyelaumiwa hapo. Wametupiana mpira, basi, na ndivyo ninavyofasiri.

Shida inakuja kwa Rais Harry Truman. Mezani pake palikuwa na kibao, alichopelekewa mwaka 1945 kutoka gereza la El Reno, Oklahoma, kilikotengenezwa: "The buck stops here". Ukiandika "mpira unaishia hapa", msomaji atadhani refa kapuliza kipenga cha mwisho. Mpira wetu unatupwa vizuri, lakini hautui mikononi mwa mtu akasema ni wangu. Kwa hiyo hapo niliuacha, nikaandika: "Wa kuulizwa ni mimi."

Mwanafunzi wangu anashikilia "Mzigo ni wangu". Maneno matatu, yangu manne. Nimemwachia.