Mbio za Barabarani Dodoma: Ufagio Hautoshi

Dhana inayosikika zaidi miongoni mwa waandaaji wa mbio na mabonanza ya Dodoma ni kwamba, mradi njia ifagiliwe kabla ya saa sita mchana, mazingira yamesalimika. Nilipojitolea katika kituo kimoja cha maji, niliwaona wakimbiaji wengi wakipiga mafunda mawili matatu na kuitupa chupa ikiwa na nusu ya maji. Kufika saa tatu, upepo wa hapa ulikuwa umekwisha kupeperusha vizibo na nailoni za katoni hadi korongoni, ambako mbuzi wawili walikuwa wakizitafuna. Wafagiaji walilipwa kufagia lami, na lami ilikuwa safi kweli. Lakini nailoni haisagiki tumboni mwa mbuzi, bali hujikusanya na kujisokota, na mnyama huweza kufa kwa njaa huku tumbo limejaa.

Wengine hujibu kwamba plastiki zilikwisha kupigwa marufuku. Marufuku iliyoanza Juni 1, 2019 ililenga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo, wala haikuzigusa chupa za maji. Kwa hiyo katoni za chupa ndogo ni halali, na anayeamua zije au zisije ni mwandaaji mwenyewe, siku anayoandika bajeti. Katika mji unaopata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, hata hayo maji yanayomwagwa na chupa ni hasara. Tangi lenye mabomba na vikombe vya kuoshwa vinatosha, ingawa kuosha nako kunataka maji. Na katika mbio za kilomita 5, kwa maoni yangu, tangi moja mwanzoni na jingine mwishoni yanatosha kabisa.

Vikombe vya karatasi navyo visituhadae, kwa kuwa vingi vimepakwa plastiki kwa ndani, na vile vinavyouzwa kwa sifa ya kuoza mara nyingi huhitaji joto la takribani nyuzi 60 la mitambo maalumu, si shimo la nyuma ya uwanja.

Iko pia dhana kwamba takataka ndizo madhara makubwa kuliko yote. Katika makadirio ya Kombe la Dunia la mwaka 2010 nchini Afrika Kusini, takribani theluthi mbili za hewa ukaa zilitokana na safari za ndege za kimataifa. Kwetu hesabu ni ndogo, lakini msafara wa magari madogo kutoka Dar es Salaam si jambo la kupuuzwa, hasa kwa kuwa tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma. Saa ya kuanza mbio ingeweza kupangwa kwa kuangalia ratiba yake.

Mwisho ni imani kwamba kupanda miche hufidia yote. Mche uliopandwa kiangazi, bila mtu aliyekabidhiwa ndoo ya kuumwagilia, haufidii chochote. Ile tuliyopanda siku ya mbio, mwezi Agosti, nilipita kuiangalia mwishoni mwa Oktoba: vilikuwa vimebaki vijiti vikavu, kila kimoja kando ya kibao chenye jina la mgeni rasmi.