Mstari Hafifu Si Malaria Nusu

Jumatatu iliyopita mama mmoja wa Igombe alimleta mwanawe maabara akiwa anachemka, siku 4 baada ya mtoto huyo kupimwa mtaani kwa kipimo cha haraka, kile cha kaseti ya plastiki kinachotoa mstari, na kukutwa na malaria. Nilipouliza kama alimaliza dawa ya mseto, mama alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake: "Mstari wenyewe ulikuwa hafifu, daktari. Ilikuwa malaria kidogo tu, nikampa nusu, nyingine nikaitunza." Mimi si daktari, ni mteknolojia wa maabara, lakini huku kwetu yeyote aliyevaa koti jeupe ni daktari na ubishi huo nilishauacha. Sikumkasirikia mama, kwa sababu maneno hayo hayo nimeyasikia kwa mwalimu, kwa askari na, Mungu anisamehe, kwa mhudumu wa afya.

Kosa hili tulilizaa wenyewe enzi za slaidi, damu inayopakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Majibu yalitoka kwa plasi, yaani alama za kujumlisha kadiri ya wingi wa wadudu, watu wakarudi nyumbani wakisema "nina malaria mbili", na hawakuwa wamekosea sana, kwa kuwa aliyekaa kwenye hadubini alikuwa amewaona wadudu na kuwakadiria. Kipimo cha haraka kilipokuja, watu waliziacha plasi na kuanza kusoma wekundu wa mstari kama walivyosoma plasi, ilhali kipimo hicho hakimwoni mdudu hata mmoja.

Kinachoonwa ni protini. Ndani ya kaseti kuna utepe wa nitroselulosi, unaofyonza kama karatasi, na mwanzoni mwake zimekaushwa chembechembe za dhahabu zenye kipenyo cha takriban nanomita 40, ambazo ukizipanga 1,000 kwa safu hazifikii unene wa unywele. Kila chembe imevikwa kingamwili zinazoshika HRP2, protini inayotolewa na Plasmodium falciparum. Dhahabu ya udogo huo haina umanjano wa pete; ni nyekundu kama juisi ya rozela, jambo ambalo Michael Faraday alilihusisha na udogo wa chembe tangu mwaka 1857. Bafa, kile kimiminika kinachokuja na kipimo, huisukuma damu kwenye utepe, protini hudakwa na dhahabu, kisha kwenye alama ya T, penye mstari wa majibu, kundi la pili la kingamwili, lililogandishwa pale pale, huikamata protini ile kwa upande wake mwingine. Dhahabu ikirundikana ya kutosha, jicho huona mstari. Mstari wa pili, wa C, huthibitisha tu kwamba maji yamepita na dhahabu ingali inafanya kazi.

Kwa hiyo mstari ni rundo la dhahabu iliyonaswa, na hapa ndipo wengi wananikatiza kwa swali ambalo ni la haki kabisa: je, wadudu wakiwa wengi, protini si itakuwa nyingi na mstari mzito? Mara nyingi, ndiyo. Lakini hiyo "mara nyingi" ndiyo inayoua, na naomba nikae hapa kidogo.

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi uwatazame wachukuzi. Chukulia gunia la dagaa linahitaji watu wawili, mmoja kila upande. Yakiwepo magunia machache na wachukuzi wengi, kila gunia litainuka. Shusha magunia maelfu kwa mpigo: kila mchukuzi atajikuta ameng'ang'ania gunia lake peke yake, wote wana shughuli, na hakuna kinachoinuka. Ndivyo inavyotokea protini inapozidi mno. Dhahabu inajaa protini, kingamwili za T nazo zinajaa protini nyingine zilizofika bila dhahabu, na wawili hao hawakutani kwenye protini moja. Matokeo yake, mtoto mwenye wadudu wengi kupindukia anaweza kutoa mstari hafifu, au asitoe kabisa. Haitokei kila siku, lakini nikishuku huwa naichanganya damu na maji ya chumvi na kupima tena. Mstari ukikolea baada ya damu kupunguzwa makali, hapo hakuna tena cha kujadili.

Upande wa pili wa kosa ni wale wanaorudi wiki 2 baada ya kumaliza dozi, wamepona, wanakula ugali na sato, lakini wamepima tena "kuhakikisha" na mstari upo. HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya wadudu kufa. Hiyo si dawa kushindwa. Mwenye mashaka apimwe kwa slaidi. Kuhusu kudondosha maji ya bomba badala ya bafa, au kusoma kaseti iliyolala mezani tangu asubuhi, sitaki hata kuanza.

Nikiri na langu. Kuna mistari ambayo mimi na mwenzangu wa zamu tumeibeba hadi dirishani, tukaigeuzageuza kwenye mwanga wa ziwa, mmoja akasema upo na mwingine akasema ni kivuli. Kanuni inasema mstari wowote unaoonekana ndani ya muda uliowekwa ni chanya, nami naifuata, ila kanuni haikusema uonekane kwa jicho la nani. Kwenye kipimo cha mkojo cha kichocho cha tumbo hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kule uzito wa mstari kweli huelekea kufuata wingi wa minyoo, na alama dhaifu kabisa bado inawagombanisha wataalamu: wengine huiita chanya, wengine huiacha. Mimi huandika nilichokiona na kumwachia tabibu, na sijivunii jibu hilo.

Mtoto wa Igombe nilimfanyia slaidi, nikawakuta wadudu hai, na tabibu akamwanzishia matibabu upya, akisisitiza kwamba mseto ni dozi 6 kwa siku 3 bila kubakiza. Mama aliomba kukiona pia kipimo cha haraka cha siku hiyo. Nilimwonyesha, mstari ukiwa mwekundu umekolea, nikamweleza yote niliyoyaandika hapa, magunia na wachukuzi wake. Alisikiliza hadi mwisho, akaitazama tena kaseti, kisha akaniuliza kama basi safari hii ampe dozi mbili.