Je, wajua kwa nini mtoto wa Australia hupasua bango la karatasi akitimiza mechi 50?

Jumapili asubuhi, kati ya Aprili na Agosti, pita kwenye kiwanja chochote cha mtaani mjini Melbourne. Kabla ya mechi ya watoto kuanza, unaweza kukuta watu wazima wanne wameshika mabomba mawili ya plastiki, na katikati yake karatasi nyepesi ya rangi imetandazwa kama khanga kwenye kamba. Mtoto wa miaka 12 anatimua mbio kutoka nyuma, anaitoboa kwa kifua, na timu nzima inapita kwenye tundu lile lile. Filimbi ya kwanza haijapulizwa, kwa hiyo hakuna goli wala kombe linaloshangiliwa. Leo anacheza mechi yake ya 50, basi.

Mchezo wenyewe ni futiboli ya Australia, ambayo wenyeji huiita "futi" kwa mkato. Si soka, wala si raga. Uwanja una umbo la yai na mpira pia. Wakubwa huwa 18 kila upande. Mpira hupigwa teke, husukumwa kwa ngumi, hudakwa hewani. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne: ukipitisha mpira kwa teke kati ya mbili ndefu za katikati unapata pointi 6, ukipita kati ya ndefu na fupi unapata 1. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859.

Sasa, kwa nini zihesabiwe mechi na si magoli? Wakubwa hushangilia magoli pia. Machi 2022, Lance Franklin wa Sydney Swans alipofunga goli lake la 1,000, mashabiki kwa maelfu waliingia uwanjani na mchezo ukasimama kwa muda mrefu. Lakini Franklin alikuwa mshambuliaji. Mlinzi anaweza kucheza misimu mitatu bila kukaribia nguzo za wapinzani, na kazi yake ikawa nzuri vilevile. Kwa watoto hoja hii ina uzito zaidi: makundi ya wadogo kabisa, wa chini ya miaka 8 na jirani zao, hawawekewi hata msimamo wa ligi, na matokeo hayatangazwi. Ukitaka kumpongeza mtoto wa umri huo kwa namba ambayo haimdhalilishi mwenzake, inabaki namba moja tu: amekuja mara ngapi.

Desturi hii imetoka juu. Katika ligi kuu, AFL, idadi ya mechi ina faida ya kikanuni. Mchezaji aliyefikisha mechi 100 za timu ya wakubwa katika klabu moja humwezesha mwanawe kuchukuliwa na klabu hiyo kwa kanuni maalumu ya baba na mwana. Anayefika 300 hupewa uanachama wa kudumu wa ligi. Brent Harvey wa North Melbourne alipostaafu mwaka 2016 alikuwa amecheza 432, na shabiki yeyote wa futi anaikumbuka namba hiyo kama sisi tunavyokumbuka mwaka wa uhuru. Mtoto anayepasua bango Jumapili ameona watu wazima wakifanya hivyo kwenye televisheni, wengine wakiwa wamebeba watoto wao mikononi.

Hesabu ya 50 na 100 pia inakaa vizuri katika umri. Msimu wa watoto huwa na mechi 14 hadi 16 hivi, ukiacha fainali. Chukua 15. Anayeanza katika kundi la chini ya miaka 9 na asikose mechi atafika 45 mwisho wa mwaka wa tatu, na 50 mwanzoni mwa wa nne, akiwa kundi la chini ya miaka 12. Ya 100 itamkuta katika kundi la chini ya miaka 15, yaani ule umri ambao watoto wengi huanza kuacha michezo. Klabu zinalijua hili vizuri. Kijana aliyebakiza mechi nane kufika 100 hafikirii kuacha Juni, na mzazi aliyechoka kuamka saa kumi na mbili za asubuhi wakati wa baridi naye huvumilia kidogo.

Msimu ukiwa mfupi, hesabu hubadilika maana. Ligi kuu ya wanawake, AFLW, ilipoanza Februari 2017 kila timu ilikuwa na mechi 7 tu kabla ya fainali. Kwa mwendo huo, 100 zingechukua zaidi ya miaka 14. Ndiyo maana kwa wanawake wa kizazi kile 50 ilikuwa namba nzito sana, na klabu yenye timu za wasichana zenye ratiba fupi inafaa kuweka alama zake kwa kufuata ratiba hiyo, si kunakili za wavulana.

Mambo huharibika wapi? Karibu kila mara ni kwenye daftari. Hakuna aibu kubwa kuliko kumbeba mtoto juu juu kwa mechi ya 100 kisha mama yake akasema ilikuwa ya 97. Siku hizi klabu nyingi huandikisha wachezaji na orodha za mechi katika mfumo wa mtandaoni uitwao PlayHQ, lakini kumbukumbu za zamani zilikaa katika mifumo mingine, na mfumo haujui zaidi ya ulichoandikiwa. Makosa ya kawaida ni haya: mtoto ameandikishwa mara mbili kwa tahajia mbili za jina, kwa hiyo mechi zake zimegawanyika; jina liliwekwa kwenye orodha Ijumaa, Jumapili akaamka na homa, na hakuna aliyelifuta; au aliitwa asubuhi kuziba pengo katika timu ya kaka zake, jina likaandikwa kwa kalamu na halikuingizwa popote. Kosa hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linamnyima hesabu mtoto yule yule aliyekubali kusaidia.

Dawa ni kazi ya jioni moja mwezi Machi. Toa orodha ya kila mchezaji na jumla yake. Ikiwa msimu una mechi 15, yeyote anayeanza akiwa na 35 hadi 49 anaweza kufika 50 mwaka huu. Yule wa 35 ataifikia siku ya mwisho kabisa, kama hakosi. Fanya hivyo kwa 85 hadi 99. Wapelekee wazazi hesabu hiyo na waombe waipinge mapema, si siku ya bango. Na kanuni za klabu ziandikwe kabla: fainali zinahesabiwa? Mechi ambayo wapinzani hawakutokea? Mechi za klabu aliyotoka? Majibu yoyote yanafaa mradi yawe yale yale kwa kila mtoto. Kwa maoni yetu, fainali zihesabiwe, mechi isiyochezwa isihesabiwe, na mechi za klabu nyingine zitajwe kwa heshima lakini ziandikwe mstari wake.

Bango nalo lina ufundi. La watoto halihitaji ukubwa wa yale ya AFL; mita 3 kwa 2 zinatosha. Karatasi ya krepu, ile nyepesi yenye mikunjo midogo, huuzwa kwa upana wa sentimita 50 na urefu wa mita 2.5. Kata vipande saba vya mita 2 kila kimoja, vipange wima kando kwa kando sakafuni, kila kimoja kikipanda juu ya jirani kwa sentimita 5. Utapata upana wa mita 3.2, sentimita 10 za kila pembeni zinazungushwa kwenye bomba la plastiki la mita 2.5 na kufungwa. Tumia selotepu pana ya kufungia maboksi, ile ya sentimita 5 hivi, upande wa nyuma.

Siri iko kwenye kipande cha nne, cha katikati. Maungio mengine yote yafunge kwa selotepu kutoka juu hadi chini, lakini ya kipande hiki yashikilie kwa vidoa viwili vitatu tu, na visishuke chini ya kimo cha kifua cha mtoto. Selotepu haichaniki. Mtu mzima wa kilo 90 anaweza kuikata kwa kasi yake. Mtoto wa kilo 35 atanaswa kama samaki kwenye jarife, na video itadumu kuliko mechi. Juu kabisa, kinyume chake, pitisha selotepu mbili mlalo, bomba hadi bomba. Hizo ndizo uti wa mgongo, ndizo zinazozuia bango lisigawanyike mara mbili kabla ya wakati. Chini usipitishe kitu chochote katikati, maana huko ndiko miguu hujikwaa.

Herufi zikatwe kwenye karatasi ya rangi iliyo mbali na ya bango, kila moja urefu wa sentimita 25 hivi, zibandikwe pembeni na juu ili jina lisipasuke pamoja na katikati. Maneno yawe machache: jina la kwanza, namba, pongezi. Namba usiibandike mpaka usiku wa kuamkia mechi. Mvua ikifuta mchezo mmoja au mtoto akaumwa, bango la "50" litasubiri wiki bila shida, lakini ikiwa uliandika tarehe au jina la wapinzani utaanza upya.

Adui wa karatasi ya krepu ni upepo na maji. Ikilowa hutoa rangi, na jezi nyeupe haisahau. Liviringishe bango kwenye mabomba yake, lifunike kwa mfuko wa plastiki, na ulisimamishe dakika tano tu kabla ya kuanza. Upepo ukiwa mkali, toboa matundu madogo ya umbo la mwezi mwandamo sehemu za juu ili hewa ipite, na weka watu wawili kwa kila bomba. Klabu nyingine zimechoka na kazi hii, zimenunua bango la kitambaa linalofunguka katikati kwa vibandiko kama vya viatu vya watoto, jina na namba vikibadilishwa kila wiki. Ni nafuu kwa miaka mingi na halina taka. Lakini halitoi ule mlio wa karatasi, na watoto wanaujua.

Maandishi yaelekee kwa wazazi, mtoto atoke nyuma. Hapo picha itakuwa na uso wake ukichomoza katikati ya jina lake. Mpiga picha asimame mita saba au nane mbele, kidogo pembeni, kwa sababu nyuma ya mtoto huyo kuna wengine ishirini wasioona mbele. Mtoto mwenye haya asilazimishwe kukimbia peke yake. Akiwa na wenzake wawili mkono kwa mkono, inatosha.

Mwisho wa mechi huja kubebwa mabegani. Kwa wakubwa ni jambo la sekunde mbili. Kwa vijana wa miaka 14, mmoja ana kimo cha mita 1.50 na mwenzake 1.80, na hapo ndipo mtu huanguka. Chagua wabebaji wawili wenye kimo kimoja, wachuchumae, aketi bega moja la kila mmoja, ashike vichwa vyao, na mtu mzima awe nyuma yake hadi ashuke. Kwa wadogo, kocha na mzazi wabebe. Timu zote mbili hupanga mistari miwili ya gwaride la heshima na kupiga makofi, kwa hiyo meneja wa wapinzani aambiwe siku mbili tatu kabla. Klabu chache mno hukataa. Ikiwa timu imeshinda, wimbo wa klabu huimbwa kwa duara na mwenye siku yake akiwa katikati.

Kuna wanaoachwa nje na hesabu hizi, na klabu makini huwafikiria. Watoto wa Melbourne waliokuwa na umri wa kucheza mwaka 2020 walipoteza msimu mzima kwa korona, na wa 2021 ukakatizwa. Mechi zipatazo 20 zilipotea bila kosa la mtu. Wengine huhamia wakiwa wakubwa. Aliir Aliir, aliyezaliwa Kakuma nchini Kenya kwa wazazi wa Sudan Kusini, aliujua mchezo huu akiwa tayari kijana, lakini baadaye akapita mechi 100 za AFL. Mtoto wa Kikongo au Kirundi anayewasili Australia akiwa na miaka 13 hataweza kufikisha 100 katika ngazi ya watoto hata asipokosa siku moja. Kwa huyo, mechi ya kwanza inastahili makofi, na ya 25 inastahili bango. Mzazi asione haya kumuuliza meneja wa timu hesabu ya mwanawe imefika ngapi. Wengi wa wanaoitunza ni wazazi wa kujitolea kama yeye, na swali moja Aprili huokoa aibu ya Agosti.

Na karatasi zilizopasuka? Ziokotwe mara moja, zote, kabla mpira haujarushwa. Krepu iliyolowa kwenye nyasi huteleza kama ganda la ndizi, na kwenye kiwanja hicho hicho kuna timu nyingine inayosubiri zamu yake ya saa nne.