Je, wajua kwa nini taulo lililokaushwa na jua la Dodoma hunuka tena likilowa?

Taulo limeanikwa kambani saa mbili asubuhi, mwezi wa tisa, na upepo wa Dodoma unalipiga tangu hapo. Saa nne limekakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa. Ukilinusa, hupati kitu ila vumbi. Jioni unaoga, unajifuta uso, na uvundo unakujia puani kama wa mbwa aliyenyeshewa. Umetoka wapi?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: halikukauka vizuri, lirudishwe juani. Nyumba niliyokulia, jua ndilo lilikuwa dobi mkuu. Godoro la mtoto aliyekojoa, juani. Blanketi la mgeni, juani. Viatu vya shule, juani. Na Dodoma jua halikopwi: mji upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na miaka mingi haifiki milimita 700. Nilikuwa nawaambia watu kwa kujiamini kabisa kwamba uvundo ni shida ya Tanga na Dar es Salaam, ambako shati huota ukungu likiwa limetundikwa kabatini. Sisi shida yetu vumbi.

Nilikosea mara mbili.

Kwanza, nilichanganya doa na harufu. Vile vitone vyeusi kwenye shuka lililokunjwa bichi ni kuvu. Huanza kuota nguo ikikaa na unyevu siku mbili tatu, na weusi ule ni rangi yake yenyewe iliyoshika kwenye uzi. Uvundo wa taulo mara nyingi ni kazi ya bakteria, na taulo laweza kunuka vibaya bila kuwa na kitone hata kimoja. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yao kuhusu bakteria aitwaye Moraxella osloensis, waliyemkuta kwenye nguo zilizokwisha kufuliwa, akitengeneza asidi yenye harufu hiyo hiyo ya nguo iliyovunda.

Pili, na hapa ndipo nilipoaibika, niliamini jua huua kila kitu. Bakteria huyo huvumilia ukavu, na huvumilia pia miale ya urujuanimno, ile ile inayopausha kanga zetu kambani.

Njia rahisi ya kulielewa hili ni kwenda Kongwa mwezi wa Oktoba. Ardhi nyekundu, vichaka vikavu, ng'ombe wanatafuta cha kutafuna hawakioni. Mtu mgeni angeapa kwamba hapa hakuna uhai. Mvua za kwanza zikipiga, wiki moja haiishi kijani kimetanda, na hakuna aliyepanda. Mbegu zilikuwa humo humo, zimejifunga, zinangoja maji. Jua la miezi saba halikuziua. Taulo nalo ni shamba la namna hiyo. Vinyuzi vyake vimesimama kama vichaka, kimoja kinamtilia mwenzake kivuli, hivyo miale ya jua inagusa ncha na kuacha shina. Chini kuna mabaki ya jasho na mafuta ya ngozi, yaani mbolea. Ukijifuta mwili, umeleta masika.

Lakini uvundo huja papo hapo, na bakteria hawawezi kuamka na kupika harufu kwa dakika moja. Sehemu kubwa ilikuwa imeshapikwa zamani, ikanaswa kwenye uzi mkavu, na maji yanaifungua. Pasi ya mvuke hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana shati safi laweza kuanza kunuka likiwa mezani linapigwa pasi. Harufu ya mvua ya kwanza hutoka ardhini kwa njia inayofanana na hiyo. Wanasayansi wawili wa Australia waliipa jina mwaka 1964. Mojawapo ya kemikali zake, jiosmini, ndiyo tunayoivutia pumzi uani kwa furaha. Iweke ukutani mwa chumba chenye unyevu, utasikia watu wakilalamika kwamba panavunda.

Wajapani walipima nguo za kwao, na taulo la Nkuhungu, hapa Dodoma, lina wakazi wake wengine. Ila sisi tuna namna zetu za kuwalisha. Maji ni ya kuhesabu ndoo, basi beseni moja linafua shuka, kisha taulo, kisha soksi. Maji ya visima vingi vya huku ni magumu, sabuni ya mche haitoi povu ila inaacha utando unaobaki kwenye uzi. Halafu tunaloweka usiku kucha, tukidhani tunalainisha uchafu.

Kinachosaidia ni joto. Kwa urefu wa mji huu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukichanganya ndoo moja ya yanayochemka na moja ya baridi, unapata karibu 60, na joto hilo huua bakteria wengi wa namna hii. Taulo la pamba lizamishe humo nusu saa, beseni likiwa limefunikwa lisipoe upesi. Kijiko cha magadi hulainisha maji na kung'oa mafuta, ila magadi ya mawe yana udongo, yachuje kwanza. Hariri na sufu usizipeleke huko.

Doa la kuvu ni habari nyingine. Pamba nyeupe huisikia jiki, au limao na chumvi juani, hapo jua linastahili sifa zake. Nguo ya rangi, jiki itaondoa doa pamoja na ua lake. Na jiki isikutane na limao wala siki: hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Taulo langu nililijaribu hivi: nusu nililizamisha kwenye maji ya moto, nusu likaning'inia nje ya beseni. Likaanikwa lote, likakauka lote, hapakuwa na tofauti. Kisha nikadondosha maji kwenye kila kona nikamwita mke wangu anuse bila kumwambia ipi ni ipi. Ya kwanza alinyamaza. Ya pili aliniuliza kwa nini namfanyia hivi.