Mrejesho si jina jingine la maoni

Hivi karibuni nilihudhuria semina ya siku mbili ya vikundi vya akina mama wanaosimamia vituo vya kuchotea maji. Saa ya kufunga ilipofika, mwezeshaji aligawa karatasi akasema, "Naombeni mrejesho wenu, dakika tano tu, halafu tupate chakula." Karatasi zikajazwa, zikatiwa katika bahasha ya kaki, na bahasha ikaingia kwenye buti la gari. Yaliyokusanywa pale yalikuwa maoni. Mrejesho ulikuwa bado haujaanza, na kwa kuwa neno hili nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, nimeona nilieleze.

Mrejesho ni taarifa ya matokeo inayorudi kwa mtendaji ili arekebishe kazi yake, kama joto la pasi ya umeme linavyoifanya pasi ijizime ikishapata moto wa kutosha na kujiwasha tena ikipoa. Katika programu za kijamii huongezeka upande wa pili, nao ni jibu linalowarudia washiriki kuwaeleza waliyoyasema yamefanyiwa nini.

Neno lenyewe limetokana na kitenzi "rejea", ambacho asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule tunaousikia msibani watu wanaposema "inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", yaani sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Kurejesha, basi, ni kukifanya kitu kirudi kilikotoka. Maoni yametokana na kuona: mtu ameona jambo, akasema alivyoliona, na neno hilo halidai safari yoyote ya kurudi. Tena wanaoijua tofauti hii vizuri kuliko sote ni akina mama wale wale walioombwa "mrejesho", kwa sababu wengi wao wamo kwenye VICOBA, yaani vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa fedha. Huko mwanachama aliyekopa laki mbili anajua kwamba siku ya kikao jina lake litaitwa, rejesho lake litatajwa, na fedha itahesabiwa mezani mbele ya wenzake wote kabla ya kuingia katika sanduku lenye makufuli matatu. Sijapata kumsikia mwanachama hata mmoja akiuita mkopo wenyewe marejesho. Anayechukua maoni ya watu amekopa pia, maana amechukua muda wao, na mara nyingine amechukua mambo ambayo hawakuwa tayari kuyasema mbele ya majirani.

Mama wa makamo aliyeketi karibu nami alinionyesha karatasi yake. Alikuwa ameweka vema kwenye "nimeridhika sana" kuanzia juu hadi chini bila kusoma maswali. "Mwaka juzi niliandika kituo kifunguliwe saa kumi na mbili, maana saa mbili sisi tuko shambani," alisema. "Nani alinijibu?" Inawezekana kabisa ombi lake lisingetekelezeka, kwa kuwa pampu ile hutegemea sola na alfajiri tangi huwa halina maji, lakini kumweleza hivyo, pamoja na sababu yake, kungekuwa mrejesho kamili. Watu wengi hudhani kwamba mrejesho ni lazima uwe wa kukubali, na ndiyo maana wenye programu wasio na la kukubali huamua kunyamaza. Kimya hicho huziharibu hata takwimu zao wenyewe, kwa sababu asiyejibiwa huacha kusema kweli, na ripoti itakayoandikwa kutokana na bahasha ile itaonyesha kuridhika ambako hakukuwapo.

Njia za kuufunga mzunguko huu zipo. Kadi ya alama za jamii, iliyobuniwa na shirika la CARE nchini Malawi mwaka 2002, huwataka wananchi waipe huduma alama, watoa huduma nao wajipime kwa upande wao, kisha pande zote mbili zikutane uso kwa uso na kukubaliana mpango wa kazi, na baada ya miezi kadhaa zoezi hurudiwa ili ijulikane kipi kimebadilika. Hata pasipo kadi, vikao vyetu vya kawaida vina kipengele cha "yatokanayo", ambapo yaliyosemwa katika kikao kilichopita huulizwa yamefikia wapi kabla jambo jipya halijafunguliwa. Kipengele hicho ndicho mrejesho wenyewe, na tumekuwa nacho miaka yote.

Kwa hiyo ningemwomba mwezeshaji wetu, ambaye kazi yake nyingine aliifanya kwa moyo, kwamba siku nyingine juu ya karatasi aandike "maoni", na neno "mrejesho" aliweke katika ajenda ya kikao kitakachofuata, chini ya yatokanayo, likiwa na jina la mtu atakayesimama kuwajibu.