Je, wajua kwanini barua ya daktari wa akili haitoshi kukupa hela ya ulemavu Marekani?

Swali hili liko sana kwa ndugu zetu walioko Marekani, hasa waliotoka Kongo wakapitia makambini. Daktari kasema una sonona, au kiwewe cha vita, dawa unakunywa, usiku hulali, umepeleka maombi Social Security (idara ya serikali inayotoa hela hizo) alafu barua inarudi umekataliwa. Inakuwaje?

Ni hivi, hawa jamaa hawalipii jina la ugonjwa. Wanachotafuta kwenye faili lako ni kama unaweza kushika kazi, siku nzima, wiki baada ya wiki, na kama huwezi, hiyo hali iwe imedumu au inategemewa kudumu miezi 12. Skizofrenia, bipola, sonona, wasiwasi uliopitiliza, vyote vimo kwenye orodha yao, ila ukishakuwa na ugonjwa wa kwenye orodha wanakupima kwa mambo manne: kuelewa na kukumbuka unachoelekezwa, kuelewana na watu, kutuliza akili kwenye kazi mpaka iishe, na kujimudu mambo yakibadilika. Ukiwa hoi kabisa kwenye moja, au vibaya sana kwenye mawili, unapita. Kuna mlango mwingine wa wale walioumwa miaka 2 na zaidi, wana matibabu yaliyoandikwa, wanaonekana wametulia kumbe ni dawa na uangalizi tu, kikibadilika kitu kidogo wanaanguka. Usipopita kote huko bado wanauliza, kazi yako ya zamani unaiweza? Na nyingine nyepesi je? Hapo umri na elimu vinahesabiwa pia.

Sasa wengi wanakwama kwenye ushahidi, na mimi naona sisi Waswahili tunakwama zaidi. Daktari anauliza vipi hali, unajibu nzuri tu, namshukuru Mungu. Kwetu hiyo ni salamu, hata aliyetoka kuzika anajibu hivyohivyo, lakini yeye kaandika mgonjwa anaendelea vizuri, na anayekuja kulipitia faili ni mtu wa ofisi ya jimbo ambaye hajawahi hata kukuona usoni, anasoma hayo maneno basi.

Fomu ya kueleza siku yako nayo ni mtego. Wanauliza unapika? Unaenda dukani? Mtu anaandika napika, naenda, kwa kuona aibu, wakati ukweli ni kwamba anapika mara moja kwa wiki tena binti yake akiwa pembeni maana jiko alishawahi kuliacha linawaka. Andika huo ukweli wote. Na ukiacha dawa bila sababu ya maana wanaweza kukunyima, kwa hiyo kama uliacha kwa kukosa hela ya kununulia, sema. Pombe na madawa ya kulevya pia, wakiona ungeacha ungekuwa mzima wa kufanya kazi, hupati. Mkalimani wanakupa bure, mtoto wako wa shule mwache asome.

Hela yenyewe ina mifuko miwili. SSDI ni ya aliyefanya kazi akakatwa kodi miaka ya kutosha, SSI ni ya mwenye kipato kidogo, na hapo mtu mmoja asizidi dola 2,000 za akiba na mali (nyumba unayoishi na gari moja hawahesabu). Mwaka 2025 SSI ilikuwa mpaka dola 967 kwa mwezi. Mkimbizi anaweza kupata SSI kwa miaka 7, baada ya hapo kwa kawaida inakatika kama hajawa raia, kwa hiyo karatasi za uraia zisisubiri mwaka wa mwisho. Na kama unafanya kazi inayokuingizia zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi, kiwango cha 2025, ombi jipya linakufa kabla hata hawajafungua ripoti ya daktari.

Ukikataliwa una siku 60 za kukata rufaa. Wengi wanakasirika wanaanza maombi upya, na hapo wanaweza kupoteza malimbikizo ya miezi yote ya nyuma, wakati rufaa ingewafikisha mbele ya hakimu anayekusikiliza mwenyewe ukieleza. Wakili wa kesi hizi kwa kawaida hadai hela mkononi, analipwa asilimia 25 ya malimbikizo na kuna kikomo, ukishindwa hachukui ada.